Rele inayolia inaweza kuwa imekufa: kubadilisha rele kwenye gari la spoti la zamani

Gari langu ni Porsche 944 ya mwaka 1984. Lilitoka Ubelgiji ndani ya kontena, likashukia bandari ya Dar es Salaam, likavuka Zambia, na lilipoingia Kasumbalesa vumbi lilikuwa limemeza rangi yote. Nilipoanza kuliendesha hapa Lubumbashi nikagundua lina kiburi cha aina moja tu. Asubuhi linawaka mara moja. Mchana, ukilizima dakika kumi uende kununua mkate, ukirudi halitaki. Stata inazungusha vizuri, injini kimya. Ukikaa nusu saa chini ya mwembe, ukijaribu tena, linawaka kana kwamba hamkugombana.

Fundi wa kwanza alisikiliza, akafuta mikono, akasema: "Papa, pompi njo imekufa." Nikanunua pampu mpya ya mafuta, na haikuwa rahisi kuipata. Wiki ile ile, jua la saa nane, gari likanigomea tena katikati ya Kamalondo na watoto wakapata kazi ya kulisukuma. Kilichokuwa kimekufa ni kidude cha ukubwa wa viberiti viwili, kimechomekwa chini ya dashibodi. Rele. Tuliyoipima mara tatu na mara zote ikalia "tik" kama inavyotakiwa.

Ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Mifano ni ya 944, lakini kazi ni ile ile kwa BMW, Golf GTI, Alfa au gari lolote la miaka ya 1970 na 1980 ambalo bado linatumia rele za kuchomeka.

Rele inafanya nini, na inachoka wapi

Rele ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba wa shaba iliyozungushiwa chuma. Umeme mdogo ukipita kwenye koili, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta kijiti, na kijiti kinagonganisha vidonge viwili vya madini ya fedha. Hivyo vidonge, hapa tutaviita pointi, ndivyo vinavyobeba umeme mkubwa wa taa, feni au pampu. Huo mgongano wa kijiti ndio "tik" unayoisikia.

Sasa angalia: "tik" inakuambia koili imevuta. Haisemi lolote kuhusu pointi. Kila pointi zinapoachana, cheche ndogo inaruka na kula kidogo uso wake. Baada ya miaka thelathini au arobaini uso huo unakuwa mweusi, wenye mashimo mashimo. Zinagusana, ndiyo, lakini kwa shida.

Hesabu yake si ngumu. Taa mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9 kwa volti 12. Pointi zilizochoka zikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, karibu volti 1 inapotelea pale pale, na zaidi ya wati 8 zinageuka joto ndani ya kisanduku cha plastiki. Shika balbu ndogo ya wati 8 ikiwa imewaka uone kama utaishikilia. Rele iliyobadilika rangi au kuvimba ubavuni imepikwa kwa njia hiyo.

Mahali pa pili pa kuchoka ni lehemu. Rele nyingi za Kijerumani za wakati ule zina kibao cha saketi ndani, na miguu yake imelehemiwa pale. Joto, baridi, joto, baridi, halafu barabara zetu zinazotikisa kila kitu. Lehemu inapasuka. Ikiwa baridi, ufa umejibana na umeme unapita. Injini ikipasha joto kila kitu pale ndani, ufa unaachama. Ndiyo ile tabia ya gari langu ya mchana.

Kwanza hakikisha ni rele

Usinunue kitu kabla ya hapa. Kwenye 944 kuna rele moja inayohukumu yote: ya kompyuta ya injini, ile ambayo Wajerumani wanaiita DME. Ni rele mbili ndani ya ganda moja. Moja inaipa kompyuta umeme. Ya pili inawasha pampu ya mafuta, na hiyo inafunga tu wakati kompyuta inaona injini inazunguka. Mojawapo ikifa, gari haliwaki. Kwenye gari langu iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Modeli za baadaye zimepangwa tofauti, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako.

Gari likigoma, mtu mmoja azungushe stata, wewe tazama sindano ya mizunguko ya injini. Ikitikisika kidogo, kompyuta ina umeme na inaona injini inazunguka. Ikilala kabisa sifuri, huenda kompyuta haipati umeme, au sensa ya mzunguko ina shida; rele ndiyo ya kuangalia kwanza kwa sababu ni rahisi kuifikia. Wakati huo huo mtu mwingine asikilize nyuma chini, karibu na tangi. Pampu nzima inanguruma. Pampu iliyo kimya haijathibitishwa kuwa mbovu hadi upime kama umeme unaifikia. Mimi niliruka hatua hii, nikalipa pampu.

Kwa rele za kawaida za taa, honi na feni kuna njia ya haraka: toa ile unayoishuku, weka nyingine ya aina ile ile kutoka kwenye honi. Shida ikihama na rele, umemaliza. Lakini soma namba kwanza. Rele ya indiketa na ile ya waipa ina elektroniki ndani. Hata kama umbo ni moja, usizibadilishane na za kawaida.

Miguu ina namba, na namba zina maana

Pindua rele yoyote ya Ulaya utaona namba zimeandikwa karibu na miguu. Zimewekwa na kanuni ya Wajerumani na karibu watengenezaji wote wa Ulaya wanazifuata. 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, hata ufunguo ukiwa mfukoni. 87 ni umeme unaotoka kwenda kwenye taa au pampu. 85 na 86 ni ncha mbili za koili. Kwa kawaida 86 ni chanya na 85 inarudi kwenye bodi, tunayoita masi. Ukiona 87a, huo ni mguu unaounganishwa na 30 wakati rele imelala, unaachiwa inapoamka. Usichanganye na 87b, ambao ni njia nyingine ya kutoka.

Ubavuni kuna mchoro mdogo. Uangalie kwa makini. Mstatili mdogo sambamba na koili ni rizista. Pembetatu yenye kistari ni diodi. Vyote viko pale kuzuia umeme wa kurudi nyuma koili inapozimwa. Yenye diodi haisamehe: ukigeuza 85 na 86, diodi inakuwa njia ya mkato, na fyuzi inaondoka au kompyuta inaumia.

Vifaa

Mita ya kupimia umeme (ya kawaida inatosha), balbu ya taa kubwa ya wati 55 iliyofungwa nyaya mbili, waya wenye fyuzi ya ampea 10 hadi 15, bisibisi ndogo bapa, dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi, brashi ya meno iliyostaafu, gundi-karatasi ya wapaka rangi, kalamu. Na simu ya kupiga picha. Kama utalehemu, chuma cha kulehemu cha wati 40 hivi na lehemu laini yenye dawa ya kulehemia ndani. Umeme wa mtaa ukikatika, na utakatika, mafundi wetu wa redio bado wanapasha kichwa kizito cha shaba juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Inawezekana, ila usiache kikawa chekundu: kitaunguza kibao.

Kazi yenyewe

Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Kabla ya kuutoa, jiulize kama redio ya zamani ina namba ya siri. Zikipotea umeme baadhi zinajifunga na kukudai. Mimi ninayo kwenye kikaratasi ndani ya kitabu cha gari. Kikaratasi hicho nilikipata baada ya kuishi miezi minne bila redio.

Piga picha paneli nzima, halafu kila mstari kwa karibu. Bandika gundi-karatasi kwenye kila rele, andika mahali pake. Usiamini kumbukumbu, maana rele sita nyeusi mezani zote zinafanana kama watoto wa kanisa wenye sare.

Chomoa moja kwa wakati. Ishike pande mbili, itikise kidogo kushoto na kulia huku ukivuta moja kwa moja. Ikikataa, bisibisi bapa iingie pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Ukiibana upande mmoja tu utavunja kiti chake, yaani pale inapochomekwa, na kiti cha 944 hakipatikani dukani kule Kenya (komini yetu, si nchi).

Sasa itazame. Miguu ya kijani ina kutu ya shaba. Mguu wa bluu au zambarau umepata joto. Plastiki ya kahawia kuzunguka 30 au 87 ni dalili mbaya kuliko zote: kiti nacho kimeungua, na rele mpya ikichomekwa pale itaungua kama mwenzake.

Rele ya DME inastahili kufunguliwa. Ganda limeshikwa na vikucha vya plastiki; ingiza bisibisi ndogo ukiviachia kimoja kimoja. Geuza kibao upande wa lehemu, shika kwenye mwanga wa jua, na kama macho yako yana miaka kama yangu tumia kioo cha kukuzia. Lehemu nzuri inang'aa na inapanda kwenye mguu kama maji yanavyopanda ukingoni mwa bilauri. Iliyopasuka ina pete nyembamba ya kijivu inayozunguka mguu, kama ufa unaouzunguka mti wa uzio uliosimikwa kwenye udongo na udongo ukakauka. Kwenye yangu nilihesabu pete tatu. Nilipousukuma mguu kwa ukucha, ukacheza ndani ya pete yake. Nywele moja ya nafasi, hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue pampu.

Kipimo cha mezani

Rele yoyote utakayoirudisha, mpya au ya zamani, ipitie hapa. Pima omu kati ya 85 na 86: nyingi za volti 12 zinatoa kati ya 60 na 100 hivi. Sifuri au bila mwisho, itupe. Kisha ipe koili volti 12 kutoka betri, usikie "tik".

Wengi wanasimama hapo. Usisimame. Unganisha betri kwenye 30 kupitia waya wenye fyuzi, na 87 kwenye balbu ya wati 55, balbu irudi hasi. Rele ikiwa imevuta na taa inawaka, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye mguu 30 na nyingine kwenye 87. Unapima kile kinachopotea ndani. Chini ya volti 0.1 ni nzuri. Ikifika 0.2 ninaiweka kando. Niliwahi kukuta rele ya taa iliyopoteza volti 1.3 huku ikilia "tik" tamu kabisa. Mwenye gari alikuwa amekwisha nunua balbu mpya mara mbili, akilalamika usiku haoni mashimo ya barabara ya Likasi. Iache iwake dakika kumi na pima tena, kwa sababu mbovu nyingi zinajificha zikiwa baridi. Rele ya DME ipimwe hivyo pande zake zote mbili.

Kununua bila kuibiwa

Mji wetu umejengwa na shaba, kwa hiyo ni aibu kuuziwa rele yenye miguu ya chuma. Zipo, tena nyingi. Rele nzuri ina miguu ya shaba au shaba ya njano iliyopakwa bati. Kwaruza ncha moja kwa sindano: ikitoka rangi nyekundu au ya dhahabu chini ya weupe, sawa. Ikibaki nyeupe ya chuma, mrudishie muuzaji kwa heshima. Uzito nao unasema. Koili yenye shaba ya kutosha haielei mkononi kama ganda tupu. Na maandishi yaliyochapwa yakifutika kwa kidole kilicholowa mate, si ya kiwanda kinachoandikwa pale.

Rele yenye namba 53 mgongoni, ya VW na Audi, inafanya kazi nyingi za kawaida kwenye 944, kwa kuwa gari hili limeazima vitu vingi kwa hao ndugu. Magari yaliyochinjwa hapa mjini yanazo. Za mtumba si mbaya, mradi zipite kipimo cha mezani. Linganisha mchoro wa ubavuni, si umbo. Linganisha pia ampea: badala ya 40 usiweke 20.

Ila rele ya DME nunua mpya, hata kama itabidi isubiri mtu anayetoka Brussels au Johannesburg.

Kulehemu, ukiwa unasubiri

Usiongeze tu lehemu juu ya ufa. Nyonya ya zamani, au ifute kwa msuko wa waya wa shaba uliopakwa dawa ya kulehemia, halafu weka mpya kwenye miguu yote, hata ile inayoonekana mizima. Chuma kiguse mguu na kibao kwa pamoja, hesabu moja, mbili, tatu, lisha lehemu ipande yenyewe, toa. Mguu wa rele ni mnene na unakunywa joto. Ndiyo maana chuma kidogo cha mafundi wa simu kinaishia kuacha kidonge kilichokaa juu tu. Bati la kutengenezea lehemu Katanga tulilichimba Manono tangu enzi za Wabelgiji, na bado nanunua kikoba kilichosafiri kutoka Asia. Tuyaache.

Pointi nyeusi unaweza kuzipitishia kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa dawa ya viunganishi. Msasa hapana. Unakwangua tabaka la fedha lililobaki, na rele inapona wiki moja.

Kiti kwanza, ndipo rele

Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kila mahali, na mvua ya Novemba ikija linageuka ugali. Puliza dawa kwenye kila tundu, piga brashi, puliza tena, acha ikauke. Petroli haifai hapa, iwe kwa ajili ya plastiki au kwa ajili yako.

Halafu jaribu mshiko. Ondoa mguu mmoja kwenye rele iliyokufa, uchomeke peke yake katika kila tundu, uvute. Unatakiwa kusikia unashikwa. Ukiingia na kutoka kama kijiko kwenye uji, tundu limepanuka: libane taratibu kwa ncha ya sindano nene kutoka pembeni. Rele mpya kwenye tundu legevu inaungua, halafu utasema uliuziwa feki.

Chomeka rele moja kwa moja mpaka ikae chini kabisa. Rudisha hasi ya betri. Washa kimoja kimoja: honi, taa (zile za 944 zinazochomoza, ziangalie zipande zote mbili), feni, ndipo injini. Injini ikiwa inanguruma, pima volti kwenye betri na tena kwenye kiunganishi cha taa; tofauti kubwa inamaanisha bado kuna mwizi njiani, labda waya wa masi. Mwisho uendeshe mpaka joto lipande vizuri, uzime dakika kumi juani, uwashe. Kipimo cha asubuhi hakihesabiki.

Kuhusu waya wa kurukia

Nilikwama njiani siku moja na kijana mmoja akaniunganishia 30, 87 na 87b za kiti cha DME kwa kipande cha waya. Gari liliwaka, nikafika nyumbani, nikamshukuru. Lakini kumbuka 30 ni ya moja kwa moja: ukizima ufunguo, injini inakufa huku pampu ikiendelea kusukuma na betri ikiisha. Na ukigonga, hakuna kitakachoizima pampu hiyo ikimwaga mafuta juu ya injini ya moto. Kama ni lazima, waya uwe na fyuzi, utumike kufika tu, na uchomolewe kila unaposimama. Asiachiwe dereva mwingine gari likiwa hivyo.

Mimi siku hizi sibebi waya. Ile rele ya zamani niliilehemu upya, nikaipima dakika kumi ikiwaka, nikaifunga kwenye kitambaa kikavu na kuiandikia tarehe. Iko kwenye kisanduku cha dashibodi, pamoja na kile kikaratasi cha redio.